Kasumbalesa: Nyuma tani za samaki wa barafu, mbele shofere anakula kapenta

Kutoka Lubumbashi hadi mpaka wa Kasumbalesa ni kilomita 90 hivi. Gari dogo linazimaliza asubuhi moja. Lori lenye shaba linaweza kukaa njiani siku kadhaa, na upande wa pili, ndani ya Zambia, foleni ikiwa mbaya inarudi nyuma kuelekea Chililabombwe. Siku hizo zote lori linageuka nyumba. Shofere analala kwenye kitanda kilicho nyuma ya kiti chake, anaoga kwa bidoni, anapika chini ya trela kwa mbabula au jiko dogo la gesi. Na kila asubuhi anajiuliza kama nyama aliyonunua jana bado inalika.

Wengi wa watu hawa wanatoka mbali. Wako waliotoka Dar es Salaam, safari ya karibu kilomita 2,000, wengine Durban, wengine Walvis Bay kule Namibia. Wale wa Dar tunaelewana nao bila mkalimani, ingawa wao wanasema ugali na sisi bukari.

Wanaotoka Walvis Bay ndio wenye kisa cha ajabu zaidi. Wanaleta samaki wa barafu, yule ambaye masoko yetu yanamwita Thomson. Namibia inamvua kwa wingi katika bahari ya Atlantiki, na Congo ni mmoja wa wanunuzi wake wakubwa. Samaki huyo anasafiri zaidi ya kilomita 2,000 ndani ya kontena lenye mashine yake ya kupozea na injini yake ya mazuti, na anatakiwa kubaki kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri. Mashine ya namna hiyo ilibuniwa mwishoni mwa miaka ya 1930 na Mmarekani mweusi, Frederick McKinley Jones, aliyejifunza ufundi kwa kujisomea mwenyewe. Kampuni aliyoianzisha na mwenzake, Thermo King, bado jina lake linaonekana kwenye malori yanayopita hapa kwetu.

Kwa hiyo shofere analala mita mbili kutoka kwenye frigo yenye ukubwa wa nyumba. Lakini milango imefungwa kwa muhuri wa forodha, na muhuri ukikatika kabla ya wakati wake, shofere ndiye atakayejibu. Hawezi kuweka humo hata chupa ya maji. Anakula kapenta.

Basi kwa nini asiweke frigo yake ndogo mbele? Baadhi wanazo. Lori linatumia umeme wa volti 24, kutoka kwenye batri mbili zilizounganishwa. Frigo ndogo yenye kompresa inakula wati kama 50 inapozunguka, yaani ampea 2 hivi. Ikizunguka nusu ya siku, kwa saa 24 imekula ampea-saa karibu 25. Batri za lori zinaweza kubeba 200, ila ukizishusha chini ya nusu unaziua, na tena lazima zibaki na nguvu ya kuwasha injini. Kwa karatasi hiyo ni siku nne. Kwa foleni ya kweli, na joto la Oktoba, simu za kuchaji, redio na taa, hesabu siku mbili, halafu injini iwashwe na mazuti iungue. Lori likigoma kuwaka wakati foleni inasogea, wa nyuma wanapita na nafasi imepotea. Ndiyo maana shofere mwenye akili akiambiwa achague kati ya frigo na kuwasha injini, anazima frigo.

Kuna visanduku vya bei rahisi vinavyochomekwa kwenye tundu la kuwashia sigara. Hivyo tuseme wazi: vingi havina kompresa. Vinapunguza joto nyuzi 20 hivi kuliko hewa iliyovizunguka, basi. Ndani ya kabini iliyoanikwa juani ikafika nyuzi 40, nyama yako iko kwenye 20. Shirika la Afya Duniani linataka chakula kikae chini ya nyuzi 5.

Inabaki barafu. Kasha la plastiki lenye kuta nene, na chupa za maji zilizogandishwa, linaweza kukupa siku moja au mbili. Kipande kikubwa kinayeyuka polepole kuliko vipande vidogo, na chupa ikishayeyuka unakunywa maji yake. Lakini barafu inatoka kwenye konjelateri ya mama fulani, na konjelateri inategemea umeme wa SNEL, ambao kwetu unakuja na kuondoka upendavyo. Siku ya delestage, anayeita « Mayi ya baridi, papa! » kati ya malori anauza maji ya uvuguvugu, na bei haishuki.

Dawa nyingine haihitaji umeme wala barafu: mtungi ndani ya mtungi, mchanga wenye maji katikati, kitambaa kilicholowa juu. Maji yakikauka yanaondoka na joto. Mwalimu wa Nigeria, Mohammed Bah Abba, alipata tuzo ya Rolex mwaka 2000 kwa kuusambaza mtindo huu kwa wakulima wa kwao. Kwenye lori mtungi unavunjika, lakini bidoni iliyozungushiwa gunia lililolowa na kutundikwa kivulini, upepo unapopita, inafanya kazi hiyohiyo. Nyanya, lengalenga na maji ya kunywa vinapona. Nyama haiponi, haipoi vya kutosha. Na inategemea mwezi. Agosti na Septemba hewa ya Haut-Katanga ni kavu na gunia linapoza vizuri. Januari, mvua ikinyesha kila siku, hewa imeshiba maji tayari na gunia linabaki gunia lililolowa tu. Juni na Julai mambo ni mepesi: usiku tunashuka chini ya nyuzi 10, na sufuria iliyofungwa vizuri inalala nje.

Wengi, mwishoni, wanarudi kwenye mapishi ya zamani ya njiani: kapenta, makayabu, maharagi, mayai, vitu visivyodai baridi. Wanapika kidogo, wanamaliza. Kiporo ndicho hatari, na hasa wali. Kuna vijidudu ambavyo mbegu zake zinavumilia kuchemshwa, vinaamka wali ukipoa polepole, na sumu vinayoiacha haiondoki kwa kupasha moto tena. Kanuni ya WHO ni saa mbili, si zaidi, chakula kilichopikwa kikiwa kwenye joto la kawaida. Kuharisha ni tabu popote. Kwenye foleni isiyo na choo karibu, ambapo huwezi kuacha lori peke yake, ni tabu ya namna nyingine.

Agosti 2024, Zambia ilipofunga kwa siku chache Kasumbalesa, Mokambo na Sakania kwa sababu ya ugomvi wa bia na soda, serikali mbili zilizungumza juu ya biashara. Juu ya watu wanaoishi ndani ya malori ilisikika kidogo sana. Kwa maoni yangu, kitu cha kwanza si kikubwa: maegesho yenye soketi za umeme na chumba kimoja cha baridi ambamo shofere analipa kuweka mfuko wake. Mashine nyingi za kontena za samaki nazo zinaweza kuchomekwa kwenye umeme, badala ya kuunguza lita 2 au 3 za mazuti kila saa zinapozunguka. Lita hizo mtu anazilipa, na mtu huyo ni mama anayenunua Thomson katika soko la Kenya au la Katuba.

Mama huyo afungue karatoni kabla ya kulipa. Kama chini kuna bamba la barafu, kama samaki wameshikana na kupinda, kama nyama inabonyea na hairudi, basi mzigo uliyeyuka mahali fulani barabarani ukagandishwa tena.