Miti ya Kielelezo kwa Reli Ndogo ya Makambako

Msafiri atokaye Ramadhani, mjini Njombe, kwenda Makambako huiona misitu ya kupandwa kabla ya kuiona reli ya TAZARA. Kwa sababu hiyo, anayetaka kuunda kielelezo kidogo cha reli hiyo, kwa ajili ya darasa au burudani ya nyumbani, hana budi kuijali miti kama anavyoyajali mabehewa. Behewa lililochongwa vizuri halimridhishi mtazamaji iwapo kando yake pamesimama bonge la kijani lisilofanana na mti wowote aujuao.

Tuanze na kipimo. Katika kipimo cha 1 kwa 87, kinachotumiwa sana duniani, upana wa reli ya TAZARA, ambao ni milimita 1,067, hupungua hadi milimita 12 hivi. Msindano wa meta 20 huwa na sentimita 23. Wengi huona kimo hicho kimezidi, wakakipunguza. Nasi twakubali hivyo kwa miti ya nyuma tu, kwa kuwa huonekana kana kwamba iko mbali.

Kwa mti wa matawi mapana, sokota pamoja nyuzi nyembamba za shaba kutoka waya mkuukuu wa umeme, kisha zitenganishe juu ziwe matawi na chini ziwe mizizi. Paka gundi ya mbao iliyochanganywa na vumbi la mbao lililochekechwa. Njombe vumbi hilo halina uhaba. Likikauka, tia rangi ya kijivu yenye ukahawia kidogo. Majani ni sponji ya godoro iliyokatwakatwa na kutiwa rangi mbili tatu za kijani.

Msindano hautaki sponji. Bana nyuzi fupi za katani kati ya waya mbili, uzisokote hadi zitawanyike kama brashi ya kuoshea chupa, kisha uzipunguze kuelekea kileleni. Sehemu ya chini iache wazi, kwani msitu uliosongamana huua matawi ya chini. Mkaratusi una shina refu lililopauka, na mbingu huonekana kati ya majani yake. Mparachichi ni mfupi, wa mviringo na mzito wa kivuli.

Anayeonyesha reli ilipokuwa ikijengwa, kati ya 1970 na 1975, asijaze mashamba ya maparachichi yaliyoenea miaka ya karibuni. Awaulize wazee palikuwa na nini. Na misindano aipange kwa mistari: nafasi ya meta 3 shambani ni sentimita 3 na nusu hivi mezani, hivyo aandae waya wa kutosha.