Kama Moyo Haupandikizwi Hapa, Bingwa wa Moyo Uliochoka Anafanya Kazi Gani?

Tangu nianze kuzunguka wodini mwaka huu, swali ninaloulizwa zaidi kantini ni hili: "Muhimbili wanapandikiza figo, Dodoma wanapandikiza figo, sasa moyo unawashinda nini?" Anayeuliza kwa kawaida ni mtu wa uhasibu au sheria, na mara nyingi ana ndugu nyumbani aliyeambiwa moyo umetanuka. Huwa najibu juu juu kwa sababu kipindi kinakaribia kuanza. Hapa nina nafasi.

Tuanze na figo. Ni kweli, Muhimbili ilianza kupandikiza figo mwaka 2017, na Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, ikafuata 2018. Lakini figo unazo mbili. Dada yako akikupa moja, anarudi nyumbani na maisha yake yanaendelea. Moyo hauna wa akiba. Mara nyingi hutoka kwa mtu ambaye ubongo wake umekufa kabisa huku mashine ya kupumulia ikiufanya moyo uendelee kudunda. Familia yake ikubali ikiwa katikati ya msiba. Sheria iwe imeshasema nani anathibitisha kifo cha namna hiyo. Kundi la damu lilingane, ukubwa wa mwili ulingane, na tangu moyo unapotolewa hadi unapoanza kudunda kwa mtu mwingine zisipite saa 4 hivi. Katika saa 4 basi lililotoka Arusha kwenda Dar linakuwa bado halijamaliza kuipita milima ya Upare. Ndege zipo, najua, ila umenielewa.

Upasuaji wa kufungua kifua wenyewe ulianza Muhimbili mwaka 2008 tu, na Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, JKCI, ikasimama yenyewe mwaka 2015. Leo valvu zinabadilishwa na mishipa inazibuliwa pale pale Dar, mambo ambayo zamani yalikuwa ni safari ya India. Kupandikiza moyo bado.

Sasa, hata kule wanakopandikiza, upasuaji ni sehemu fupi ya habari. Moyo wa kwanza wa binadamu ulipandikizwa na Christiaan Barnard katika hospitali ya Groote Schuur, Cape Town, tarehe 3 Desemba 1967. Mgonjwa, Louis Washkansky, aliishi siku 18 akafa kwa nimonia. Moyo mpya ulikuwa unadunda vizuri. Kilichomshinda ni kwamba kinga yake ilikuwa imebanwa kwa dawa ili usiukatae, na vijidudu vikapata njia. Hospitali nyingi zilizoiga upasuaji ule ziliacha baada ya miaka michache. Kazi ilirudi kwa nguvu miaka ya 1980 ilipopatikana dawa ya saiklosporini, ambayo huibana kinga bila kuiua kabisa. Hapo ndipo alipohitajika daktari wa aina nyingine, asiyeshika kisu: wa kuchagua nani apewe moyo, kumweka hai akisubiri, na kumfuatilia maisha yake yote baadaye. Leo zaidi ya nusu ya waliopandikizwa huishi zaidi ya miaka 10, lakini kwa vidonge vya kila siku na hofu ya kila homa. Dunia nzima wenye ugonjwa wa moyo kushindwa ni zaidi ya milioni 60, na mioyo inayopatikana kwa mwaka ni maelfu machache. Yaani hata Marekani, wagonjwa wengi wa daktari huyu hawatapata moyo mwingine kamwe. Kazi yake kubwa ni kuulea ule ule walionao. Na kazi hiyo inafanyika Arusha pia.

Jina la ugonjwa lenyewe linatisha bure. Nilimsikia mzee mmoja kliniki, baada ya kuambiwa moyo wake umeshindwa kufanya kazi, akauliza: "Umeshindwa, sasa mbona nimekuja kwa miguu?" Alikuwa na haki. Moyo wenye afya, kila unapojaa damu, husukuma nje zaidi ya nusu yake kwa pigo moja. Ukidhoofika hadi kusukuma chini ya asilimia 40, damu inarundikana nyuma kama magari kwenye mataa ya Sanawari. Maji yanavuja kwenye mapafu, miguu inavimba, tumbo linajaa, mtu analala kwa mito mitatu. Wapo ambao moyo unasukuma vizuri ila umekakamaa, haujai. Dalili ni zile zile. Kipimo kinachotofautisha ni eko, ile picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti. Kabla ya eko wengine wameshatibiwa pumu, wengine nimonia mara mbili.

Vitabu vinapanga ukali wa ugonjwa kwa madaraja manne. Daktari niliyekaa naye haulizi kwa lugha ya kitabu. Mtu wa Ilboru anamuuliza kama bado anapanda kutoka barabara kuu bila kusimama, na kama anasimama, ni mara ngapi. Kwa hapa kwetu chini ya Meru, ambapo kila anayerudi nyumbani anapanda kilima, sijaona kipimo cha bei nafuu kuliko hicho.

Wagonjwa wenyewe siyo wale niliowategemea. Nilidhani nitaona wazee. Utafiti wa Muhimbili uliochapishwa 2014 ulifuatilia wagonjwa 427 wa moyo kushindwa: wastani wa umri ulikuwa miaka 55, wakati Ulaya wengi wamepita 70. Chanzo kikubwa kilikuwa presha, asilimia 45. Magonjwa ya msuli wa moyo asilimia 28, homa ya baridi yabisi iliyoharibu valvu asilimia 12, na mishipa ya moyo kuziba, ambayo ndiyo tunayoisikia kwenye filamu, asilimia 9 tu. Mtu wa miaka 55 bado anasomesha. Pengine anakusomesha wewe.

Wapo pia akina mama wadogo ambao moyo umedhoofika mwezi wa mwisho wa ujauzito au miezi mitano ya kwanza baada ya kujifungua. Wanaambiwa ni uchovu wa uzazi. Baadhi moyo unarudi kabisa. Usiporudi, mimba nyingine inaweza kumuua, na hapo daktari wa moyo anajikuta anazungumza uzazi wa mpango na mume na mama mkwe, mazungumzo ambayo hayaishi kwa siku moja.

Kliniki yenyewe inaanza na mizani. "Koko, shikamoo. Mito mingapi siku hizi?" Halafu koko anapanda mizani. Lita moja ya maji ni kilo moja, kwa hiyo mtu aliyeongezeka zaidi ya kilo 2 ndani ya siku 3 hajanenepa, amejaa maji, na anatakiwa aonekane kabla hajaanza kuzama ndani ya mapafu yake. Asiye na mizani nyumbani anaambiwa awatafute wale vijana wa kupima uzito pale stendi, kila mara kijana yule yule, mizani ile ile.

Kisha chumvi. Hapa Arusha chumvi ina ndugu anayesahaulika: magadi. Mtu anakuapia kwamba ameacha chumvi, na ni kweli, ila makande yake yameivishwa kwa magadi ya Natron, na magadi ni sodiamu vile vile. Sodiamu ndiyo inayoshika maji mwilini. Daktari aliyesomea mbali asiyejua jiko la hapa ataongeza dawa ya kukojoa tena na tena, asijue maji yanatoka wapi.

Halafu vidonge. Siku hizi kwa moyo uliodhoofika kuna makundi manne ya dawa, mfano enalaprili, kavediloli, spironolaktoni na dapagliflozini, na kila moja hupunguza vifo kwa njia yake. Kavediloli ndiyo inayopima subira. Inaanzwa kwa dozi ndogo, inaongezwa mara mbili kila baada ya wiki mbili hivi, na mwanzoni mgonjwa anaweza kujisikia mchovu kuliko alivyokuja. Anayestahimili, miezi kadhaa baadaye eko inaweza kuonyesha moyo umesinyaa na kupata nguvu. Wengi wakifika hapo wanasema wamepona na wanaacha dawa. Mwaka 2011 magari yalipanga foleni ya kilomita nyingi kwenda Samunge, Loliondo, kwa kikombe cha shilingi 500 cha Mchungaji Ambilikile Mwasapile; dawa ya kunywa mara moja ina mvuto ambao kidonge cha kila siku hakitaupata. Sidhani ni ujinga. Mtu anayenunua dawa nne kila mwezi kutoka mfukoni ana sababu nzuri ya kutaka kuamini amepona.

Kuna pia mashine ndogo ya kusukuma damu inayowekwa kifuani, betri zake zikivaliwa nje kama mkoba. Inahitaji umeme wa kuchaji kila siku bila kukosa. Nadhani msomaji anayeishi hosteli yetu hahitaji maelezo zaidi.

Kinachotuhusu sisi moja kwa moja ni ile homa ya baridi yabisi. Inaanza na koo la utotoni lisilotibiwa, valvu zinaliwa polepole, na mtu anafika chuoni akidhani hana pumzi za mpira tu. Tiba ya kuzuia isirudi ni sindano ya penisilini kila baada ya wiki 3 au 4, kwa miaka. Wenzetu wanaoipata wapo, wengi kimya. Ukiwa na kadi ya bima ya mwanafunzi, eko na kliniki vinafikika. Kadi hiyo inaishia na masomo, na kazi haipatikani siku ya mahafali. Ndiyo maana daktari yule ana swali ambalo sijalikuta kwenye kitabu chochote cha moyo. Akishamsikiliza kifua kijana wa chuo, anauliza: "Unamaliza mwaka gani?" Akiambiwa ni mwaka huu, eko ya mwezi wa tisa anaileta mwezi wa tano, na barua ya rufaa ya kwenda Dar anaiandika siku hiyo hiyo.