Kamera za Video za Nyumbani (2): Diski ya R au ya RW?

Wiki iliyopita tuliishia kwenye kamera za mkanda. Leo tunazigusa zile zilizofuata, zinazorekodi kwenye DVD ndogo yenye upana wa sentimita 8. Hitachi ndio waliotangulia kuzitoa, mwaka 2000, kisha wakaja Sony, Panasonic na Canon. Mpya hazitengenezwi tena. Zilizopo ni zile zilizoletwa na ndugu kutoka Dubai au Muscat zikaishia kabatini, pamoja na zile ambazo vijana wameanza kuzisaka upya kwa kupenda sura ya picha za miaka ile. Anayeipata moja hana budi kuamua anunue diski gani: R, inayorekodiwa mara moja tu, au RW, inayofutika na kurekodiwa tena.

Muuzaji atakwambia chukua RW, ni ghali kidogo lakini utaitumia mpaka uichoke. Kwa hesabu ya pesa yuko sahihi. Ila diski ya kamera huwa ndiyo nakala ya kwanza ya tukio, na mara nyingi ndiyo nakala pekee. Kwa hiyo swali la kujiuliza kwanza ni hili: ninachokwenda kurekodi kinaweza kurudiwa?

Tuziangalie diski zenyewe. Ndani ya R kuna utando mwembamba wa rangi, na leza ya kamera inauunguza kwa vitone vidogo mno. Kilichoungua hakirudi kilivyokuwa. Ndani ya RW hakuna rangi, kuna mchanganyiko wa metali. Leza ikiupasha moto mkali, nao ukapoa ghafla, atomi zake hubaki zimevurugika. Ukipashwa kwa kiasi, zinajipanga tena. Mpango na mvurugo huo ndio unaosomwa kama picha na sauti, na watengenezaji wanasema unaweza kurudiwa kiasi cha mara 1,000. Ipo pia DVD-RAM, ambayo ndiyo kamera ile ya kwanza ya Hitachi iliitumia. Hiyo inatajwa kuvumilia hata mara 100,000, lakini deki nyingi za majumbani haziisomi kabisa, kwa hiyo tusipoteze muda nayo.

Zigeuze diski hizo mbili utazame upande wa chini. Aghalabu R ina uzambarau, na RW ni ya kijivu kilichofifia. Ukiiinamisha R iliyorekodiwa nusu chini ya taa, utaona pete: sehemu iliyoandikwa, kuanzia katikati kwenda nje, ina kivuli tofauti na iliyobaki tupu. Hiyo ni njia nzuri ya kujua diski isiyo na jina imetumika kiasi gani kabla hujaitia mahali popote.

Ule ufifi wa RW si wa sura tu. Diski ya R hurudisha asilimia 45 hadi 85 ya mwanga wa leza. RW hurudisha 18 hadi 30. Kiwango hicho cha chini kinafanana na cha DVD yenye tabaka mbili, ndiyo maana baadhi ya deki za zamani zilidanganyika: zilihangaika kutafuta tabaka la pili ambalo halipo, kisha zikakataa diski. Kama unarekodi ili umpelekee bibi kijijini, na deki yake ni ya siku nyingi, R ina nafasi kubwa zaidi ya kukubalika.

Kukubalika huko, hata hivyo, kuna sharti ambalo wengi hawalijui. R ikitoka kwenye kamera haiko tayari kuchezwa kwingine. Lazima kwanza ifungwe. Kwenye menyu utaona pameandikwa FINALIZE. Hapo kamera huandika orodha ya vipande na alama za mwanzo na mwisho ambazo deki inazitafuta. Bila hizo, deki itaiona kama diski tupu au mbovu, ingawa harusi nzima imo ndani. Jambo la ajabu ni kwamba diski iliyorekodiwa kidogo inaweza kuchukua muda mrefu zaidi kufungwa kuliko iliyojaa, kwa sababu nafasi iliyobaki nayo inajazwa. Kwa hiyo usifunge kwa kutegemea betri. Chomeka kamera kwenye umeme, iweke mezani, usiiguse mpaka imalize. Na kwa mitaa ambayo umeme unakatika jioni, fanya kazi hiyo asubuhi.

Kamera ikiharibika kabla hujafunga, diski usiitupe. Tafuta kamera nyingine ya aina ileile uifungie humo, au mpelekee fundi mwenye programu ya kuokoa picha kwenye kompyuta. Kilichounguzwa bado kipo.

RW ina wepesi wake. Ukiiandaa kwa mtindo wa VR, unafuta kipande kibaya ndani ya kamera na nafasi inarudi. Kwenye R hairudi. Kwa mazoezi ya kwaya, mafunzo ya mpira, au mtoto anayejifunza kushika kamera, sioni sababu ya kununua kitu kingine. Lakini deki nyingi hazisomi VR, kwa hiyo utaishia kutazama kwenye kamera yenyewe au kuhamishia kwenye kompyuta. Ukitaka deki nyingi ziisome, chagua mtindo wa VIDEO tangu unapoiandaa, maana kubadili baadaye ni kufuta vyote.

Na hapo ndipo hofu yangu kuhusu RW ilipo. Zile mara 1,000 hakuna familia itakayozimaliza. Kinachoiua RW ni kidole. Diski ndogo hubeba gigabaiti 1.4, yaani dakika 30 hivi kwa ubora wa kawaida na kama 20 kwa ubora wa juu. Katikati ya hotuba ya baba wa bibi harusi skrini inasema imejaa, mkoba hauna diski nyingine tupu, shangazi anasema futa hiyo ya zamani. Unabonyeza FORMAT, na ubatizo wa mwaka juzi umekwenda. Kwa R, shangazi angeambiwa tu haiwezekani, akanuna.

Mimi kwenye sherehe ningebeba R za kutosha, tatu kwa kila saa ya ubora wa juu, na RW moja ya kujaribia mwanga na sauti kabla wageni hawajafika. Badilisha diski wakati wa mapumziko, usingoje ijae, maana kamera huchukua muda kuitambua mpya.

R nayo si ya milele. Rangi ile huchuja kwa jua na joto, hivyo usiiache kwenye dashibodi ya gari wala juu ya televisheni. Andika jina kwa kalamu laini ya wino wa maji, juu, karibu na tundu la katikati. Ncha ya kalamu ya kawaida inaweza kuumiza tabaka za ndani. Tena usiisukume kwenye redio ya gari au kompyuta inayomeza diski kwa mdomo mwembamba: ya sentimita 8 inakwama humo. Inataka deki yenye sinia, kwenye lile duara dogo la ndani.

Wiki ijayo: kuhamisha picha kutoka diski hadi kwenye kompyuta bila kupunguza ubora wake.