Ratiba Hushinda Hamasa: Namna ya Kudumu na Mashine ya Makasia

Anayeketi kwenye mashine ya kupiga makasia kwa mara ya kwanza kwa kawaida huvuta kwa nguvu zake zote. Feni iliyo mbele yake hunguruma, namba kwenye skrini hubadilika mbio mbio, na baada ya dakika nne au tano pumzi humwishia, mapaja yakiwaka moto na kiuno kikilalamika. Wiki ya kwanza atarudi mara tatu, ya pili mara moja, na mwezi ukiisha mashine imegeuka pahala pa kuanikia taulo. Akiulizwa sababu, atasema hana moyo wa mazoezi. Kauli hiyo ina sura ya unyenyekevu, lakini imekosea kutaja ugonjwa. Wengi hawaiachi mashine hii kwa kukosa moyo. Wanaiacha kwa sababu waliianza kwa kasi isiyovumilika, wakajipima kwa kipimo kinachokatisha tamaa, na hawakuwahi kuamua ni siku gani na saa ngapi wataketi juu yake. Mambo yote matatu yanarekebishika, na hakuna hata moja linalodai ushujaa.

Kwanza tuielewe mashine yenyewe. Ina kiti kinachoteleza kwenye reli, pahala pa kufungia miguu, na mpini ulioungwa kwa mnyororo kwenye gurudumu lenye mapanga ya feni. Ukivuta, gurudumu huzunguka na kusukuma hewa; kadiri unavyovuta kwa nguvu ndivyo hewa inavyokupinga. Mashine za aina hii zilienea baada ya mwaka 1981, pale ndugu wawili Wamarekani, Dick na Pete Dreissigacker, waliokuwa wakitengeneza makasia katika jimbo la Vermont, walipoanza kuuza ya kwanza iliyoundwa kwa vifaa vya baiskeli chini ya jina la Concept2. Lengo lilikuwa kuwasaidia wapiga makasia kufanya mazoezi wakati wa baridi kali. Leo zimo katika jimu za Nairobi, Dar es Salaam na Mombasa, zikitumiwa na watu ambao huenda hawatagusa kasia maishani mwao. Wanazipenda kwa sababu ya haki: kila mvuto huanza na miguu, hupitia mgongoni na kumalizikia mikononi, na miguu haipigwi na ardhi kama inavyopigwa mtu anapokimbia. Mtu mzito, au ambaye magoti yake hayapendi lami, anaweza kupata jasho la kutosha akiwa ameketi.

Swali basi ni namna ya kumrudisha mtu kwenye kiti hicho wiki hii, wiki ijayo na mwezi ujao. Jibu la mazoea ni kumhimiza: mweleze faida za mazoezi, mwonyeshe picha za miili iliyojengeka, mtishe kwa maradhi ya moyo. Utafiti uliochapishwa nchini Uingereza mwaka 2002 na Sarah Milne, Sheina Orbell na Paschal Sheeran uliijaribu dawa hiyo. Wanafunzi 248 wa chuo kikuu waligawanywa katika makundi matatu. Kundi la kwanza halikupewa himizo lolote. La pili lilisomeshwa kuhusu maradhi ya moyo na jinsi mazoezi yanavyoyakinga. La tatu lilisomeshwa hayo hayo, kisha kila mmoja akaandika siku, saa na mahali atakapofanyia mazoezi wiki inayofuata. Katika kundi la kwanza, asilimia 38 walifanya mazoezi walau mara moja. Katika kundi lililohimizwa tu, asilimia 35. Katika kundi lililoandika mpango, asilimia 91. Waliohimizwa walikiri kwamba nia yao imepanda, lakini nia hiyo haikuwafikisha uwanjani. Kilichowafikisha ni sentensi moja kwenye karatasi.

Atatokea wa kusema kwamba wiki moja si kitu, na kwamba hata aliyeandika mpango atachoka. Ni hoja ya haki. Ndiyo maana utafiti wa Phillippa Lally na wenzake wa University College London, uliochapishwa mwaka 2010, una uzito hapa. Waliwafuatilia watu 96 kwa wiki 12, kila mmoja akijijengea zoea moja dogo, kama kunywa maji baada ya kula au kufanya mazoezi kabla ya chakula cha jioni. Ilichukua kwa wastani siku 66 jambo kufanyika lenyewe bila kulilazimisha, lakini tofauti kati ya mtu na mtu ilikuwa kubwa mno: kuanzia siku 18 hadi makadirio ya siku 254. Kuruka siku moja, kwa upande mwingine, hakukuharibu zoea linalojengeka. Matokeo haya mawili yanamhusu sana mwenye mashine ya makasia. Anayejiona mzembe kwa sababu mwezi umepita na bado anajiburuta yumo ndani ya muda wa kawaida. Na anayeacha kabisa kwa sababu alikosa Jumatano anajihukumu kwa kosa ambalo halikuwa na madhara.

Wengine huamini fedha itawasukuma: ukishalipia jimu, uchungu wa hela utakuamsha. Wachumi Stefano DellaVigna na Ulrike Malmendier waliichunguza imani hiyo katika utafiti wao wa mwaka 2006, wakitumia kumbukumbu za wanachama 7,752 wa jimu tatu za Marekani. Waliochagua kulipa kwa mwezi walitoa zaidi ya dola 70, lakini walihudhuria wastani wa mara 4.3 tu kwa mwezi, yaani kila ziara iliwagharimu zaidi ya dola 17, ilhali wangeweza kununua tiketi za dola 10 kila moja. Walilipia mtu waliyetarajia kuwa, si mtu waliyekuwa. Kununua mashine ghali ya kuweka nyumbani hakuna tofauti. Hela inanunua chuma. Saa ya kukikalia lazima itengwe na mwenyewe.

Tuje kwenye kasi, ambapo ndipo mashine ya makasia inapowaponza wengi. Panteleimon Ekkekakis, mtafiti wa saikolojia ya mazoezi, ameonyesha kwa miaka mingi kwamba raha ya mazoezi hutegemea sana ukali wake. Mtu akiwa bado anaweza kuongea sentensi nzima, wengi hujisikia vizuri au kawaida. Akivuka pale ambapo pumzi huanza kukatika, karibu kila mtu hujisikia vibaya, na kadiri anavyoendelea ndivyo anavyozidi kuchukia. Mwili una kumbukumbu: kilichouumiza leo hauna hamu nacho kesho. Mashine ya kutembea ina kitufe cha kasi kinachoweza kumzuia mtu. Ya makasia haina breki, kwani ukali wote unatoka kwako, na mgeni asiyejua hujikuta ng'ambo ya mpaka huo ndani ya dakika moja. Hali huwa mbaya zaidi anapoona wenzo mdogo ubavuni mwa feni, wenye namba 1 hadi 10, akaupandisha hadi 10 akidhani ndio ushujaa. Wenzo huo huruhusu tu hewa zaidi kuingia kwenye feni na kuufanya kila mvuto uwe mzito. Haumpi mtu alama zaidi, kwa sababu kompyuta ya mashine hupima hewa inavyolipunguza kasi gurudumu na kupiga hesabu upya. Kwa anayeanza, namba 3 hadi 5 inatosha na inalinda kiuno.

Hapa mpingaji ataleta methali: mtaka cha mvunguni sharti ainame. Atasema kuvuta polepole ni kujidanganya, na kwamba afya haiji bila maumivu. Lakini kuinama si kuvunjika mgongo, na ushahidi bora zaidi unatoka kwa wenye mchezo wao. Åke Fiskerstrand na Stephen Seiler walichunguza mazoezi ya wapiga makasia wa Norway waliotwaa medali za kimataifa kati ya mwaka 1970 na 2001. Katika miaka hiyo, saa za mazoezi mepesi ziliongezeka kutoka takriban 30 hadi 50 kwa mwezi, na mazoezi ya kasi ya mashindano au zaidi yakapungua kutoka saa 23 hadi 7 hivi. Uwezo wa miili yao kutumia oksijeni ulipanda kwa asilimia 12, na matokeo yao katika jaribio la dakika sita kwenye mashine yakapanda kwa karibu asilimia 10. Sababu zilikuwa nyingi, lakini ni wazi kwamba upole haukuwazuia. Ikiwa wenye medali hutumia sehemu kubwa ya muda wao wakivuta kwa pumzi ya mazungumzo, mhasibu au mama wa watoto watatu ana haraka gani? Mazoezi makali yana nafasi yake, labda mara moja kwa wiki, baada ya miezi ya msingi.

Jambo la tatu ni kipimo. Skrini ya mashine hutoa namba nyingi, na maarufu kuliko zote ni muda wa kumaliza mita 500. Namba hiyo ni ya kweli, lakini ina hila. Kasi na nguvu haziendi sambamba: nguvu inayohitajika hupanda kwa mchemraba wa kasi, kwa hiyo ukitaka kwenda mara mbili zaidi itakubidi utoe nguvu mara nane. Anayevuta mita 500 kwa dakika 2 na sekunde 30 anatoa takriban wati 104. Ili apunguze sekunde 6 anahitaji wati 13 zaidi, nyongeza anayoweza kuipata kwa kujifunza tu kusukuma vizuri kwa miguu. Anayevuta kwa dakika 2 kamili anatoa wati 203 hivi, na sekunde 6 zile zile zitamgharimu wati 34 za ziada. Ndiyo maana wiki za mwanzo hufurahisha, kisha namba zikakwama, na mtu akaamini kwamba ameshindwa. Hakushindwa, bei ya sekunde ndiyo iliyopanda. Namba za kalori nazo zichukuliwe kwa tahadhari, kwani mashine za Concept2 huzikokotoa kana kwamba kila mvutaji ana uzito wa kilo 79 hivi. Afadhali mtu ahesabu siku alizoketi wiki hii, na mara moja kwa mwezi atazame amekwenda mita ngapi kwa dakika 20 huku pumzi yake ikiwa tulivu. Kipimo hicho huonyesha maendeleo bila kumtesa.

Inabaki hoja ya uchovu wa akili: kuteleza mbele na nyuma ukitazama ukuta kunachosha, na ratiba haiondoi hilo. Ni kweli. Katherine Milkman na wenzake walijaribu kuwapa watu vitabu vya sauti vya kusisimua ambavyo wangevisikiliza wakiwa jimu tu. Mwanzoni kundi hilo lilihudhuria kwa asilimia 51 zaidi ya wasiopewa vitabu hivyo, lakini faida ilififia kadiri wiki zilivyopita, hasa baada ya likizo. Taarabu, mawaidha au mpira wa redioni vitasaidia kwa muda, na hakuna ubaya kuvitumia. Kinachodumu zaidi ni watu. Mwaka 2010 watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford, akiwamo Emma Cohen, walichapisha jaribio dogo la wapiga makasia 12 wa timu ya chuo hicho waliofanya mazoezi ya dakika 45 kwenye mashine, mara wakiwa peke yao, mara wakivuta pamoja. Kazi waliyofanya ilikuwa sawa, lakini walipobanwa mkono kwa kifaa cha kupimia shinikizo la damu, walistahimili maumivu zaidi walipotoka kuvuta pamoja. Watu 12 si wengi wa kujengea sheria, ila matokeo yanaafikiana na yale yanayojulikana na kila aliyewahi kufanya kazi ya msaragambo: mzigo wa pamoja huwa mwepesi.

Mwisho wapo watakaosema maisha ya mjini hayapangiki: foleni, wageni, mtoto mgonjwa. Ndiyo sababu mpango uwe na sehemu ya pili, inayoanza na neno "ikiwa". Ikiwa foleni itanichelewesha, nitavuta dakika 10 badala ya 20. Ikiwa umeme utakatika, mashine ya feni haina shida, kwani upinzani wake ni hewa na kompyuta yake hutumia betri. Shirika la Afya Duniani linapendekeza watu wazima wapate dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki, lakini linasema pia kwamba kidogo ni bora kuliko sifuri, na kutembea nako kunahesabiwa. Siku tatu za dakika 20 kwenye mashine ni mwanzo unaotosha. Mwenye ugonjwa wa moyo, presha au maumivu ya mgongo amwone daktari kwanza.

Basi usisubiri hamasa ije. Chukua karatasi leo, andika siku tatu, saa na mahali, weka wenzo kwenye namba 4, sukuma kwa miguu kabla ya kuvuta kwa mikono, na uvute kwa kasi inayokuruhusu kuongea. Ukikosa siku moja, rudi siku inayofuata iliyoandikwa. Jihukumu baada ya miezi mitatu, si kabla.