Uchaguzi wa Fani Ndogo au Fani Kuu ya Pili Sambamba na Shahada ya Uhandisi: Mfano wa Vyuo Vikuu vya Marekani

Nchini Tanzania, mwanafunzi wa uhandisi kwa kawaida hudahiliwa moja kwa moja katika programu moja na kuifuata kwa miaka minne. Katika vyuo vikuu vingi vya Marekani, mwanafunzi huruhusiwa kuongeza fani nyingine kando ya uhandisi. Makala haya yanafafanua namna uchaguzi huo unavyofaa kufanywa.

Kwanza, ni muhimu kutofautisha dhana mbili. Fani ndogo huwa na kozi tano au sita hivi, sawa na uniti 15 hadi 18. Fani kuu ya pili humtaka mwanafunzi atimize masharti yote ya idara nyingine, ambayo mara nyingi ni uniti 30 au zaidi. Tofauti hii ni ya muda kabla ya kuwa ya hadhi.

Muda wenyewe ni finyu. ABET, shirika linalotoa ithibati kwa programu za uhandisi, huzitaka programu za shahada ya kwanza ziwe na angalau uniti 30 za hisabati na sayansi za msingi, na uniti 45 za masomo ya uhandisi. Kiwango hicho ni cha chini kabisa. Juu yake huongezwa kozi za elimu ya jumla na masharti ya idara. Shahada ya uniti 120 hadi 130 ikigawanywa katika mihula minane, kila muhula hubeba takribani uniti 15 au 16. Nafasi inayobaki kwa kozi za hiari ni ndogo.

Kwa sababu hiyo, kigezo cha kwanza ni mwingiliano wa kozi. Mwanafunzi wa uhandisi umeme husoma kalkulasi, milinganyo tofautishi na, mara nyingi, aljebra ya mstari kama sehemu ya shahada yake. Akichagua hisabati kuwa fani ndogo, huenda akabakiwa na kozi chache tu, iwapo chuo chake kinaruhusu kozi moja kuhesabiwa pande zote mbili. Akichagua uchumi, huanzia karibu na mwanzo. Wahenga walisema mshika mbili moja humponyoka. Hata hivyo, hatari hiyo hupungua pale ambapo mambo hayo mawili yana msingi mmoja.

Kigezo cha pili ni mnyororo wa kozi tangulizi. Ekonometriki, kwa mfano, haisomwi kabla ya misingi ya uchumi na takwimu. Vivyo hivyo, kozi ya mifumo ya udhibiti hutanguliwa na ile ya ishara na mifumo. Endapo kozi mbili za lazima zitagongana katika ratiba, na mojawapo hufundishwa mara moja tu kwa mwaka, mwanafunzi anaweza kuchelewa kuhitimu kwa mwaka mzima. Kwa mwanafunzi kutoka Afrika Mashariki ambaye ufadhili wake ni wa miaka minne, muhula wa tisa humaanisha ada isiyo na mlipaji.

Kigezo cha tatu ni lengo. Fani ndogo haichukui nafasi ya sifa za kitaaluma. Njia ya kawaida ya kupata leseni ya uhandisi nchini humo ni shahada yenye ithibati, mtihani wa misingi ya uhandisi, uzoefu wa kazi wa miaka kadhaa na mtihani wa pili. Aidha, anayekusudia kuendelea na shahada ya uzamili katika fani nyingine huenda akahitaji kozi chache za juu za fani hiyo, wala si lazima awe na fani kuu ya pili.

Hivyo basi, inafaa mwanafunzi aandike jedwali la mihula minane tangu mwaka wa kwanza, aweke kozi zote za uhandisi pamoja na zile zinazozitangulia, ndipo apachike kozi za fani ya ziada. Zikiingia bila kusukuma kozi yoyote ya uhandisi nje ya muhula wake, uchaguzi unatekelezeka. Zisipoingia, kozi mbili au tatu zilizochaguliwa kwa makini zitampa maarifa anayoyatafuta, ingawa jina la fani hiyo halitaonekana katika cheti chake.