Dijitali Ipi? Herufi Zinazoamua Kama Runinga Yako Itashika Chaneli

Pita kwenye maduka ya runinga ya Kariakoo au Luthuli Avenue, utaona karibu kila boksi limeandikwa "Digital". Mengine yameongezewa "HD Ready", "Full HD", "Smart" na "4K". Ukimuuliza muuzaji kama runinga hiyo inashika chaneli bila king'amuzi, atakujibu ndiyo, na mara nyingi anaamini anachosema, maana boksi limesema. Mteja anafika nyumbani, anachomeka antena, anabonyeza kitufe cha kutafuta chaneli, mstari unatembea kwenye kioo mpaka asilimia mia, halafu jibu linakuja: chaneli sifuri. Runinga ni nzima na antena ni nzima. Kilichokosekana ni tarakimu moja kwenye maelezo ya runinga, na tangu aingie dukani hakuna aliyemwambia aitafute.

Matangazo ya dijitali yanayorushwa kutoka minarani na kupokewa kwa antena hayafuati kiwango kimoja duniani. Marekani wana chao, kinaitwa ATSC. Wajapani wana ISDB-T, Wachina DTMB. Ulaya walianza na DVB-T, kiwango kilichochapishwa mwaka 1997 na kuingia hewani Uingereza mwaka uliofuata. Mwaka 2009 kikatoka DVB-T2. Kwenye masafa yale yale T2 hupitisha data nyingi zaidi, kwa kiasi cha theluthi moja hadi nusu nzima, kwa kuwa kina njia bora zaidi za kusahihisha makosa yanayotokea mawimbi yakiwa njiani. Nchi zetu zilikuwa bado hazijazima analojia, kwa hiyo zilipata nafasi ya kuchagua kilicho bora. Kenya ilikuwa imezindua matangazo ya DVB-T mjini Nairobi Desemba 2009, ikabadili mawazo na kuhamia T2 kabla ya kuzima mitambo ya zamani. Leo Tanzania, Kenya, Uganda na Rwanda zote zinatumia T2.

Hapo ndipo mnunuzi anapoumia. Kipokezi cha DVB-T hakiwezi kusoma T2 hata kidogo. Usitegemee picha hafifu au sauti inayokatika. Kwake yeye masafa yote ni matupu. Kipokezi cha T2, kwa upande wake, kwa kawaida husoma na T. Ile "2" ya mwisho, ambayo macho huiruka kama namba ya toleo tu, ndiyo inayoamua kama fedha yako imenunua runinga kamili au kioo cha kuangalizia flashi. Lawama ya kwanza naiweka kwetu sisi watu wa ufundi. Tulitunga jina linalotosha kwenye nyaraka za viwango, kisha tukaliacha lifike dukani bila kumtafsiria mama anayenunua runinga yake ya kwanza.

Lawama ya pili ni ya watengenezaji, na hapa "HD Ready" inastahili kuangaliwa kwa makini. Nembo hiyo ilitangazwa Ulaya mwaka 2005 na EICTA, jumuiya ya kampuni za vifaa vya elektroniki. Masharti yake yalihusu kioo na matundu: mistari ya picha isiyopungua 720, na tundu la HDMI au DVI linalokubali picha iliyolindwa. Kipokezi hakikuwa sharti. Runinga yenye nembo hiyo ilikuwa tayari kuonyesha picha kali endapo kifaa kingine kitaileta. Kwa mnunuzi wa kawaida, neno "tayari" lina maana ya kuchomeka na kutazama.

Matokeo yalionekana Uingereza. Huko matangazo ya bure ya antena yalikuwa yamepewa jina zuri, Freeview, tangu mwaka 2002, na watu walilizoea bila kujua herufi zilizo nyuma yake. Mwishoni mwa 2009 ikaja Freeview HD, inayorushwa kwa DVB-T2. Nyumba nyingi tayari zilikuwa na runinga zenye vibandiko viwili, kimoja "HD Ready", kingine "Freeview", na mwenye nyumba akajumlisha kama mtu yeyote mwenye akili timamu angejumlisha. Hakuipata Freeview HD mpaka aliponunua kipokezi kingine. Kila kibandiko peke yake kilisema kweli. Vilipokaa pamoja vikaahidi kitu ambacho runinga haikuwa nacho.

Ujerumani walikwenda hatua moja zaidi. Walipohamia T2 Machi 2017 walichagua pia njia mpya ya kubana picha, H.265. Mtu aliyekuwa amenunua runinga ya T2 miaka michache kabla, akijiona ameshajihami, akakuta haiwezi kuonyesha kitu kwa sababu haikuijua H.265. Ikabidi ibuniwe nembo ya kijani, "DVB-T2 HD", ya kutofautisha vifaa vinavyofaa na visivyofaa. Juu yake likaja jina jingine, freenet TV, la chaneli za binafsi zinazofungwa na kulipiwa, euro 69 kwa mwaka wakati ule. Majina matatu, maswali matatu tofauti, na yote yamebandikwa kwenye boksi moja.

Kwetu pia maswali ni zaidi ya moja. Kuna la kupokea na kuna la kuruhusiwa kutazama. Runinga yenye T2 ndani itaona mawimbi ya kampuni za kulipia, lakini haitayafungua bila kadi au king'amuzi cha kampuni husika; itaonyesha zile chaneli zinazorushwa wazi tu. Halafu kuna tofauti ya antena na dishi, ambayo umbo la king'amuzi halikuonyeshi. Mwaka 2018 Watanzania wengi waliikuta tofauti hii sebuleni, pale Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) iliposimamia masharti ya leseni na chaneli za bure za ndani zikaondolewa kwenye ving'amuzi vya setilaiti vya kulipia. Watu walihoji kwa hasira kwa nini king'amuzi cha jirani kinaonyesha na chao hakionyeshi. Jibu lilikuwa ndani ya leseni ya kampuni, mahali ambapo mteja hawezi kusoma. Siku ananunua aliambiwa king'amuzi ni king'amuzi.

Na kuna hii ya "antena ya dijitali", biashara inayonikera kuliko zote. Antena haijui dijitali wala analojia. Ni chuma kinachopokea mawimbi ya masafa fulani. Matangazo yetu ya T2 yako kwenye UHF, kwa hiyo antena ya UHF uliyokuwa nayo enzi za analojia, kama haijaoza kutu na waya wake ni mzima, inafaa. Inayoweza kukuangusha ni ile kubwa ya zamani ya VHF yenye vijiti virefu. Kinachoandikwa "Digital HD 4K" kwenye pakiti ya antena ni rangi ya pakiti.

Sasa tusome boksi pamoja. Geuza ubavuni au nyuma, penye maandishi madogo, tafuta mstari unaoanza na DVB. Ukikuta "DVB-T2/C/S2", T2 ni ya antena, C ni ya kebo, S2 ni ya dishi, hiyo inafaa. Ukikuta "DVB-T/C/S2", simama hapo hapo. Ile 2 unayoiona ni ya S, yaani ya dishi, na upande wa antena umebaki na T tupu. Nimeona mafundi wazoefu wakiupita mstari huu. Matundu ya nyuma nayo yanasema: la kuchomeka tu, lililoandikwa ANT au RF, ni la antena, lenye nyuzi za kuzungushia, lililoandikwa LNB au SAT, ni la dishi. Tundu la antena peke yake halithibitishi T2, maana hata runinga ya analojia inalo.

Runinga iliyoletwa na ndugu kutoka ng'ambo ichunguzwe zaidi. Ya Marekani ina ATSC, ya Japani ina ISDB-T, ya Uingereza ya zamani ina T peke yake, na zote kwa haki kabisa zinaitwa za dijitali huko zilikotoka. Hata kampuni moja hutengeneza modeli moja kwa masoko tofauti na kubadili herufi za mwisho tu za namba yake, kwa hiyo maelezo uliyosoma mtandaoni yanaweza kuwa ya runinga ya soko jingine. Halafu lipo jambo dogo linalosumbua: baadhi ya runinga huuliza nchi wakati wa kuwashwa mara ya kwanza, na ukichagua nchi isiyotumia T2, kipokezi cha T2 hakitafuti chochote. Kabla ya kuirudisha dukani, rudi kwenye menyu ubadilishe nchi, kisha tafuta upya.

TCRA na Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya tayari zina utaratibu wa kuidhinisha vifaa kabla havijauzwa. Ninachodai ni sentensi moja ya Kiswahili mbele ya boksi, kwa maandishi makubwa kama yale ya "Smart": "Inashika chaneli za bure za antena bila king'amuzi", au "Inahitaji king'amuzi". Herufi zibaki ubavuni kwa ajili ya mafundi.

Mpaka sentensi hiyo ije, usilipe kabla muuzaji hajachomeka antena na kutafuta chaneli mbele yako; dukani mjini mawimbi yapo, hana kisingizio. Na kama umeshanunua yenye T tupu, usiiuze kwa hasara. King'amuzi cha T2 kinachoshika chaneli za bure, ukikiunga kwa HDMI, au kwa zile waya tatu za njano, nyeupe na nyekundu kama runinga ni ya zamani, kitafanya kazi yote ambayo kipokezi cha ndani kimeshindwa.