Tathmini ya Ubia wa Kimataifa wa Kujifunza kwa Kutumikia Jamii katika Elimu ya Taaluma za Afya: Mfano wa Eldoret

Kujifunza kwa kutumikia jamii ni mbinu ya ufundishaji inayomtaka mwanafunzi atoe huduma halisi kwa watu wanaoihitaji, kisha aitafakari huduma hiyo kwa mwongozo wa mwalimu ili imfundishe. Mbinu hii ilipewa jina lake nchini Marekani katika miaka ya 1960, na mwaka 1979 Robert Sigmon aliiwekea misingi mitatu: wanaohudumiwa ndio wenye mamlaka juu ya huduma wanayopewa, huduma hiyo iwaongezee uwezo wa kujihudumia na kuwahudumia wengine, na wanaohudumu nao wawe wanafunzi, wenye kauli juu ya kile wanachotarajiwa kujifunza. Misingi miwili kati ya hiyo inawahusu wanaohudumiwa. Hata hivyo, tathmini nyingi za ubia wa kimataifa katika elimu ya taaluma za afya hushughulika zaidi na ule wa tatu.

Sababu yake si ngumu kuiona. Mara nyingi tathmini hugharimiwa na chuo kinachotuma wanafunzi, na mwanafunzi ndiye aliye karibu zaidi kuhojiwa. Hujaza hojaji kabla ya safari na nyingine baada ya kurejea; huandika shajara; huulizwa iwapo sasa anazielewa vyema zaidi tamaduni za wengine. Mfumo alioupendekeza Donald Kirkpatrick mwaka 1959 una ngazi nne, yaani mwitikio wa mwanafunzi, maarifa aliyoyapata, mwenendo wake kazini, na matokeo ya mwisho. Data za hojaji na shajara huishia katika ngazi mbili za mwanzo. Aidha, anayejibu aliichagua safari hiyo mwenyewe, pengine kwa gharama kubwa, na si rahisi akiri kwamba haikumfaa.

Ubia wa Chuo Kikuu cha Moi nchini Kenya na Chuo Kikuu cha Indiana nchini Marekani unaonyesha ni mambo gani mengine yanayoweza kupimwa. Ulianza mwishoni mwa miaka ya 1980, wakati kitivo cha tiba cha Moi kilipokuwa kikiundwa mjini Eldoret, na mwaka 2001 ukazaa mpango wa AMPATH wa kukabiliana na UKIMWI. Madaktari wa Indiana wameishi Eldoret kwa kupokezana, na wanafunzi wamesafiri pande zote mbili. Jambo ambalo mtathmini wa kigeni anaweza kulisahau ni kwamba mtaala wa Moi wenyewe ulikuwa na mafunzo ndani ya jamii, ambapo wanafunzi hupelekwa katika vituo vya afya na vijijini. Kutumikia jamii hakukuletwa na wageni. Swali la kwanza la tathmini, basi, ni kama ubia umeuimarisha utaratibu huo wa wenyeji au umeweka wa kwake pembeni.

Swali la pili ni la usawa wa kubadilishana, na hapa hesabu ya vichwa hupotosha. Hata kama wanafunzi 10 wangekwenda na 10 wangekuja, katika hospitali nyingi za Marekani mwanafunzi kutoka nje huruhusiwa kutazama tu, ilhali mwenzake anayekuja Afrika huweza kujikuta akimgusa mgonjwa siku ya kwanza. Kipimo chenye maana ni kile kinachoeleza kila mmoja aliruhusiwa kufanya nini, chini ya usimamizi wa nani, na kama mgonjwa alielezwa kwamba aliye mbele yake bado ni mwanafunzi. Ridhaa inayotolewa kwa kudhani kwamba mgeni ni daktari bingwa si ridhaa.

Gharama ya mwenyeji ndiyo hupuuzwa zaidi. Katika wodi ya Eldoret, mgonjwa anaweza kueleza maumivu yake kwa Kiswahili au kwa Kikalenjin, na mgeni asiyejua lugha hizo anahitaji mkalimani. Ikiwa mkalimani huyo ni muuguzi wa zamu au mwanafunzi wa Moi, dakika zake hutoka kwa wagonjwa wengine au katika masomo yake mwenyewe. Mwongozo wa maadili wa kikundi cha WEIGHT, uliochapishwa mwaka 2010, ulizitaka taasisi zitambue gharama halisi za mafunzo haya na kuzifidia. Kufanya hivyo kunahitaji kumbukumbu za saa za usimamizi na ukalimani, kazi isiyohitaji utaalamu mkubwa. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Katika ziara ya wiki nne, mgeni anaweza kufunga mizigo kabla hajalishika vizuri.

Kumuuliza mwenyeji moja kwa moja nako kuna mtego wake. Mkuu wa idara ambaye vifaa vya maabara yake hutoka kwa mbia hatasema kwa wepesi kwamba wanafunzi wa mbia huyo ni mzigo, na adabu ya kumpokea mgeni humzuia zaidi. Majibu ya aina hiyo hayana budi kukusanywa na mtu asiyetumwa na chuo cha ng'ambo, kwa lugha ya wahojiwa, bila kuandika majina, na yawahusishe wauguzi na wagonjwa pamoja na wakuu.

Zipo pia data zisizotegemea adabu ya mtu. Mwezi Machi 2020, kutokana na UVIKO-19, vyuo vingi vya Marekani viliwaita nyumbani wanafunzi wao waliokuwa ng'ambo. Janga lenyewe lilibadilisha mahudhurio ya wagonjwa, kwa hiyo ulinganisho si mwepesi. Lakini popote rejista za wodi na orodha za zamu za miezi hiyo zilipotunzwa, zinaweza kuonyesha ni huduma zipi zilikatika wageni walipoondoka, zipi ziliendelea, na ni nani aliyezifanya.